Msimcheke Anapofungua Kinywa

Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, nina ombi moja, na si la mchango. Sina bahasha wala kadi ya harusi. Naomba tuache kumpima mtu akili, uaminifu na uraia kwa lafudhi yake. Najua kwa haraka haraka jambo hili linaonekana dogo, hasa kwetu tunaohangaika na maji, barabara za vumbi na migogoro ya mashamba isiyokwisha. Lakini tofauti na barabara, hili halingoji bajeti ya halmashauri. Liko vinywani mwetu, na tunaweza kulianza leo jioni.

Mkoa wetu ni njia panda ya siku nyingi. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi iliyoshuka Bagamoyo na pembe za ndovu ilivuka mto Ruvu na kupita katika nchi za Wakwere na Wazaramo, na kila msafara ulikuja na Kiswahili chake. Mwaka 1963 Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki kuanzisha hapa kituo ambacho leo tunakiita Shirika la Elimu Kibaha, nacho kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Tangu hapo Kibaha Sekondari imekuwa ikipokea vijana wenye alama za juu kutoka kila pembe ya nchi. Kisarawe nako kuna Minaki, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa UMCA miaka ya 1920, na hatua chache nje ya mpaka wa wilaya ipo Pugu. Sasa vimekuja viwanda vya Visiga, Zegereni na Mlandizi, ikaja reli ya SGR, ikaja bandari kavu ya Kwala. Kaa kwa mama ntilie nje ya geti la kiwanda saa saba mchana, usikilize foleni. Kiswahili ni kimoja, lakini Mwanza imo, Tarime imo, Newala imo, Kyela imo. Hata majina ya mitaa yetu yanakiri. Tuna mtaa mzima unaoitwa Kwa Mfipa, na Ufipa iko Rukwa, upande wa pili wa nchi.

Kwa hiyo tungetarajiwa tuwe watu waliozoea kusikiliza. Badala yake tumekuwa mafundi wa kuigiza. Mkurya akisema sentensi moja tu, mtu wa kiti cha nyuma ya daladala anadakia “mura!” na gari zima linacheka. Msukuma akivuta neno, anavutiwa nalo mpaka ashuke. Mhaya hajamaliza kujitambulisha ameshaitwa nshomile. Mtu wa Kanda ya Ziwa akisema “huwa nakulaga saa saba,” hatuulizi amekula nini. Tunashika hiyo “ga” na kuizungusha mezani kama karata.

Na hiyo “ga” nayo ina heshima yake. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaipeleka nyuma mpaka kwenye lugha mama iliyozaa Kisukuma, Kizaramo, Kizulu na nyingine mamia: kiambishi -ag-, cha kuonyesha tendo la mara kwa mara. Kiswahili sanifu kiliiacha kikabaki na “hu-”. Wenzetu waliitunza. Kwenye mtihani wa darasa la saba usiiandike, utakosa alama. Kwenye sahani ya ugali na dagaa sioni inamdhuru nani.

Cha ajabu zaidi ni kwamba hata mwenyeji hapati nafuu. Mtu wa Maneromango, Mzenga au Msanga, aliyezaliwa kwenye Kiswahili, akienda Kariakoo anaambiwa anaongea “kizaramo”. Watoto wengi wa Kisarawe leo hawawezi kuunga sentensi tano za Kizaramo, lakini mdundo wa bibi umebaki: sauti inapanda pale ambapo mtu wa Masaki hakutarajia ipande (nasema Masaki ya Dar es Salaam, kwa maana Kisarawe tuna Masaki yetu). Huyu ni mtu wa Mrima. Lahaja ya Kimrima ilisemwa katika pwani hii kabla kiongozi yeyote wa serikali hajahutubia kwa Kiswahili. Ikiwa hata yeye anachekwa kwa jinsi anavyosema Kiswahili, basi kinachochekwa si Kiswahili kibovu. Ni mtu anayedhaniwa hana kitu.

Ukitaka kuthibitisha, subiri apite Mzungu. Akisema “asanti, mimi iko furahi sana,” tunampigia makofi, tunamwita mwenzetu, tunampa na jina la Kiswahili. Ngeli zimevunjika, kitenzi kimelala chali, hakuna aliyejali. Kijana wa Geita aliyesema sentensi iliyonyooka kabisa, isipokuwa ametamka “samani” alipokusudia “thamani”, ndiye anayeigizwa kutwa nzima. Masikio yetu, kwa hiyo, yanaweza kuvumilia. Yanachagua nani wa kumvumilia.

Niwaambie nilichokiona katika shule moja ambayo sitaitaja. Darasa la tatu, watoto wanasoma kwa zamu. Msichana mmoja mgeni, wazazi wake wamehamia kwa kazi ya kiwandani, anasoma vizuri, kidole kinafuata mstari. Anafika kwenye neno “thelathini”, anasema “selasini”. Mwalimu anamwambia arudie. Anarudia vile vile. Mwalimu anauliza, na si kwa ubaya, nadhani alikuwa anatania: “Hivi nyie huko kwenu hamna ulimi?” Darasa likalipuka. Msichana akakaa. Zamu ilipozunguka ikamrudia, alisema anaumwa tumbo. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake na maneno yote aliyajua.

Yule mtoto hakuwa mvivu na ulimi alikuwa nao. Sauti za “th”, “dh” na “gh” ziliingia katika Kiswahili hasa pamoja na maneno ya Kiarabu, na lugha zetu nyingi za Kibantu hazina sauti hizo. Vivyo hivyo “r” na “l”: zipo lugha zisizozitenganisha kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na sikio la mtoto hujipanga mapema mno. Mwaka 2006 mtafiti wa Kimarekani Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wachanga wa Kijapani na wa Kimarekani kwa sauti hizo hizo mbili. Wakiwa na miezi 6 hadi 8 walizitofautisha sawasawa. Walipofika miezi 10 hadi 12, wa Kimarekani walikuwa wameongezeka uwezo na wa Kijapani wamepungua, kwa sababu Kijapani hakizihitaji. Wengi wao hawajaanza hata kutembea. Sasa mtu mzima wa Tarime unamdai nini?

Anaweza kujifunza, tena vizuri. Sipingi kufundisha matamshi, na mtu asinielewe vibaya hapo. Yapo maneno ambayo sauti ikibadilika maana inahama: kura na kula, dhana na zana, thamani na samani. Mshenga akisema pande mbili zimeshakubaliana “mahali” wakati alikusudia mahari, mjomba wa binti ana haki ya kuomba ufafanuzi. Mwalimu wa darasa la kwanza anapaswa kuzijua sauti hizi na kuzifundisha. Ila kuna namna.

Nimemwona mwalimu mmoja mama akifanya hivi. Hakumsimamisha mtoto yeyote. Aliwaambia wote waweke vidole viwili kooni. “Semeni sss. Koo limetulia? Sasa zzz. Linatetemeka?” Wakacheka, lakini walicheka makoo yao wenyewe. Akawaambia wachungulishe ncha ya ulimi kati ya meno, wapulize bila mtetemo, ikatoka “th”. Wakabaki na ulimi pale pale, wakaongeza mtetemo, ikatoka “dh”. Kwa “l” aliwaambia ulimi utulie juu, pumzi ipite pembeni. Kwa “r” ulimi ugonge haraka na kuondoka. Ilichukua dakika zisizozidi robo saa. Aliyekuwa hajui hakujulikana ni nani, kwa sababu hata wale waliojua walikuwa hawajui wanafanyaje. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiomba, na haina gharama ya chaki.

Wapo watakaosema: lakini lazima pawe na Kiswahili sahihi, na sahihi ni cha watu fulani. Ni kweli tunahitaji lugha moja ya vitabu na ya mahakama. Tukumbuke tu ilivyopatikana. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule. Kimvita, lahaja ya mji ule ule walimokaa kikao, yenye ushairi mkubwa, ikaachwa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia uamuzi huo, na baada ya uhuru, mwaka 1967, tukapata BAKITA yetu. Kamati ile ilisanifu tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Haikusanifu makoo ya watu. Uamuzi ulikuwa na faida na tunaufaidi mpaka leo, ila ungeweza kwenda upande mwingine, na leo tungekuwa tunacheka watu wengine kabisa.

Na waliokipaisha Kiswahili hawakuwa wa lafudhi moja. Julius Nyerere alikuwa Mzanaki wa Butiama aliyelelewa kwa Kizanaki. Alifundisha hapo Pugu mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955, kisha akiwa kiongozi wa nchi akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Shaaban Robert alikuwa na asili ya Kiyao. Ali Hassan Mwinyi, ambaye wengi walimsikiliza kwa ajili ya utamu wa Kiswahili chake tu, na wakadhani ni Mzanzibari wa damu, alizaliwa Kivure, mkoa wetu huu huu wa Pwani, akapelekwa Unguja utotoni.

Jambo hili si la kwetu peke yetu, na huenda tukajiona vizuri zaidi kwa kuwatazama wengine. Vijana wetu wa redio wanapenda kubana pua wasikike Kimarekani. Mimi huwa najiuliza: Kimarekani cha wapi? Maana Wamarekani nao wanachekana. Mtafiti Dennis Preston aliwaomba watu wa jimbo la Michigan, kaskazini, wapange majimbo yote kwa usahihi wa Kiingereza cha kila moja. Wakajiweka wao juu kabisa, wakaweka watu wa Kusini, kama Alabama, chini, pamoja na mji wa New York. Alipowauliza watu wa Alabama, hawakudai kuwa Kiingereza chao ndicho sahihi kuliko vyote, lakini walisema ndicho kitamu kusikia. Waliodharauliwa kwa usahihi wakajishikia utamu. Nadhani mtu yeyote wa Sengerema au Ifakara anaijua hisia hiyo.

Kisha kuna mkasa wa herufi “r” ya New York, ambao mimi naupenda kuliko yote. Mtaalamu William Labov, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1966, aliingia maduka makubwa matatu: la matajiri, la watu wa kati na la wanyonge. Kila alipomkuta muuzaji aliuliza bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, maana maneno hayo kwa Kiingereza yana “r” mbili ndani yake. Akijibiwa, alijifanya hajasikia ili jibu lirudiwe. Kadiri duka lilivyokuwa la kifahari ndivyo wauzaji walivyoitamka “r”. Kwenye duka la wanyonge wengi waliimeza. Kwa hiyo New York kumeza “r” ni dalili ya uduni. Vuka bahari uende London: huko hata watu wa tabaka la juu wanaimeza, na kuitamka sana ndiko kunakosikika ushamba. Herufi ni hiyo hiyo, Kiingereza ni hicho hicho. Kilichobadilika ni nani mwenye fedha katika mji huo.

Kama ingekuwa ni kucheka tu, nisingewasumbua kwa wito. Lafudhi inawatia watu hasara. John Baugh, msomi mweusi wa isimu huko Marekani, alipiga simu kuulizia nyumba za kupanga katika eneo la San Francisco, akibadilisha lafudhi tatu alizozijua tangu utoto: ya Wamarekani weusi, ya wenye asili ya Meksiko, na ya Wazungu. Sentensi ilikuwa ile ile. Katika utafiti alioutoa na wenzake mwaka 1999, kwenye mitaa ya Wazungu zile lafudhi mbili za kwanza zilipata miadi michache zaidi ya kuonyeshwa nyumba. Hapa kwetu dalali hajifichi hivyo. Unampigia simu kuulizia vyumba viwili Mailimoja au Picha ya Ndege, hujafika hata kwenye kodi, anakukatiza: “Samahani kaka, wewe kabila gani?” Ameshalisikia. Anataka kuhakikisha kabla hajakuambia chumba kimepata mtu.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, walionyesha jambo lingine linalotuhusu. Waliwasikilizisha watu taarifa ndogo ndogo, kama ile ya twiga kuvumilia bila maji kuliko ngamia. Taarifa iliposomwa na mtu mwenye lafudhi ya kigeni, wasikilizaji waliiamini kidogo kuliko iliposomwa na mwenyeji, hata pale walipoambiwa kwamba msomaji anasoma tu alichoandikiwa. Maelezo yao ni kwamba sikio linapofanya kazi ya ziada, akili inaisukumia taarifa lawama ya uchovu huo. Fikiria sasa mama aliyehamia kutoka Kasulu anamweleza muuguzi jinsi homa ya mtoto ilivyoanza. Fikiria shahidi wa shamba mbele ya baraza la ardhi la kata. Hawadanganyi. Ni sisi tumechoka kusikiliza.

Na hao wa Kasulu wana lao jingine. Ndugu zetu wa Kigoma na Kagera wamelalamika kwa miaka mingi kwamba Kiswahili chao kinafanya waulizwe uraia pale ambapo wengine hawaulizwi. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani wa damu. Mpaka uliochorwa na wakoloni umepita kati yake. Kumkagua mtu kwa ulimi ni mtihani wa kale na mbaya. Wasomaji wa Biblia wanaijua habari ya kitabu cha Waamuzi sura ya 12, ya watu waliozuiwa vivukoni mwa Yordani wakaamriwa watamke neno moja, na aliyeshindwa sauti yake ya kwanza akauawa. Wanamjua pia Petro, aliyetambuliwa uani kwa usemi wake wa Galilaya. Na katika Biblia na katika Kurani, Musa anazungumzia uzito wa ulimi wake, naye ndiye aliyetumwa kwa Farao, akapewa ndugu yake Haruni amsaidie. Hakuambiwa akajifunze kwanza lafudhi ya ikulu.

Hasara nyingine iko kwenye karatasi, na hii nawaomba hasa makarani, watendaji wa mitaa na vijiji, na walimu wanaoandikisha darasa la kwanza. Mzazi anataja jina dirishani, karani anaandika alivyosikia. Marwa anakuwa Malwa. Lameck anakuwa Rameck. Hakuna anayegundua mpaka mtoto afike miaka 18. Hapo cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vile, kitambulisho cha NIDA kina la tatu, na kijana anatafuta nauli ya kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba hao watatu ni yeye mmoja. Dawa yake ni swali fupi: “R ya redio au L ya limau?” Kisha geuza karatasi au kioo cha kompyuta mzazi alione jina kabla hujalihifadhi. Kama hajui kusoma, mwombe mtoto wake mkubwa au jirani aliye kwenye foleni. Huo ni utumishi, na foleni haitachelewa kwa hilo.

Sasa nifike kwenye utetezi wetu mkubwa: “Aa, ni utani tu.” Hapa sina haraka, kwa sababu utani ni mali yetu na sitaki uguswe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wapo watani wengine wengi ambao kila ukoo unawajua. Lakini utani una sheria. Mtani anakusema nawe unamsema, papo hapo, na hakuna anayeogopa. Ukifiwa, mtani huyo huyo ndiye anayekuja kulala kwenye mkeka wako, anachimba kaburi, anateka maji, anakalia jeneza akidai apewe chochote ndipo liondoke, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Amekununua kwa kazi, kwa hiyo ana haki ya kukusema. Sasa kondakta anayemwigiza abiria asiyemjua, mbele ya watu thelathini, amechimba kaburi gani? Bosi wa zamu anayemwita kibarua “wewe mura” anaruhusu kibarua amjibu? Mwalimu na mtoto wa miaka tisa ni watani? Utani usio na njia ya kurudishiwa unaitwa dhihaka, na wazee wetu walijua kuutenganisha. Mzee wa Kisarawe hawezi kumtania Mnyamwezi asiyemfahamu bila kwanza kuuliza “kwenu wapi, na wewe wa nani?” Lile swali lilikuwa la kutafuta undugu. Sisi tumelifanya la kutafuta kasoro.

Wachekeshaji wa runinga na wa simu nao nawaomba, bila kuwanyima riziki. Mhusika mwenye lafudhi akiwa mjinga katika kila kipande, mwizi katika kila kipande, mlinzi wa geti katika kila kipande, watoto wanajifunza. Mpeni siku moja awe daktari. Atachekesha vile vile, pengine zaidi.

Wazazi mnaolea watoto Kibaha na hamtaki wajue Kigogo, Kinyakyusa wala Kizaramo kwa kuogopa lafudhi itawaharibia kazi, nawaelewa kabisa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Nyie wenyewe mlichekwa. Lakini kumfungia mtoto lugha ya bibi yake hakumpi Kiswahili bora. Kiswahili atakipata shuleni, barabarani na kwenye simu, apende asipende. Bibi hatampata mara ya pili. Na vijana mlio mabwenini mkisoma haya: mwenzenu wa kidato cha kwanza anayenyamaza kwenye midahalo, kabla hamjasema ni mzito, mchukueni pembeni mumuulize kwao wanasemaje neno hilo, na mumfundishe la kwenu.

Mwisho nina pendekezo la tarehe. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tunaiadhimisha tangu 2022, mara nyingi kwa hotuba za watu wale wale wenye sauti za redio. Mwaka huu, walimu wakuu wa Kibaha na Kisarawe, pamoja na maafisa elimu kata, mnaweza kuifanya tofauti. Itisheni wazazi. Mleteni mzee wa Maneromango asimulie njia ya kwenda Dar es Salaam ilivyokuwa kwa miguu. Mleteni mama wa Kigoma anayeuza chapati karibu na reli, fundi wa Rombo, baba wa Nachingwea anayefanya kazi Kwala. Kila mmoja apewe dakika kumi za hadithi kwa Kiswahili chake, na sharti liwe moja: hakuna kusahihisha wala kuigiza mpaka amalize. Watoto waandike waliyoyasikia, na baada ya hapo mwalimu asahihishe tahajia zao kwa kalamu nyekundu kama kawaida. Kama tarehe hiyo itaangukia likizo, fanyeni wiki moja kabla shule hazijafungwa. Ukumbi hauhitajiki, mwembe wa shule unatosha, na kipaza sauti afadhali msikodi kabisa.